Panya Haombi Kibali: Mwaka Mmoja Kando ya Bonde Letu

Sisi ni walimu wa kujitolea wa klabu ya mazingira. Tumeombwa tuandike juu ya mahali tulipotembelea. Wenzetu waliotutangulia kwenye ukurasa huu waliandika juu ya ziwa Tanganyika na milima ya kwao. Sisi hatukwenda mbali, si mnajua habari ya vibali. Tumezunguka bonde lile lile lililo chini ya nyumba zetu, hapa hapa Nyarugusu, kwa zaidi ya mwaka mmoja, tukimfuata panya. Msicheke kwanza, someni.

Mambo yalianza mwezi wa nane mwaka jana. Posho ilikuwa imegawiwa juzi yake. Bibi mmoja kutoka Fizi, jirani yetu, anayelea wajukuu watatu peke yake, aliamka akakuta mfuko wa unga umetobolewa chini, unga umemwagika na umechanganyika na mavi ya panya. Mjukuu mdogo naye alikuwa ameng'atwa kidole cha mguu usingizini. Bibi akafanya kama wanavyofanya wengi wetu: akanunua kipakiti cha sumu, akaichanganya na ugali, akauweka nyuma ya mtungi. Kesho yake mjukuu wa kati akauona ule ugali. Mtoto ana njaa, ataacha? Tunashukuru Mungu alikimbizwa zahanati mapema, akalala huko siku mbili, akapona. Lakini bibi alikaa mlangoni analia. Alituambia, "Wanangu, nimewatoa hawa watoto vitani, nusura niwamalize kwa mkono wangu mwenyewe."

Hapo ndipo tulipokata shauri. Tukasema, huyu panya tunamchukia bila kumjua. Analala wapi? Kwa nini mwezi wa pili hatumsikii, halafu mwezi wa saba na wa nane anacheza ngoma juu ya dari? Wanafunzi wakatafuta vibao ishirini, tukavipaka majivu laini, tukavipanga sehemu nne: nyuma ya nyumba, kwenye bustani, bondeni kwenye majani marefu, na juu karibu na mpaka, pale unapoanza kuyaona mashamba ya wanakijiji ng'ambo. Jioni unaweka kibao, asubuhi unasoma nyayo. Ni kazi rahisi, haina gharama, na mtoto wa darasa la nne anaiweza. Tulirudia hivyo kila mwezi, usiku mitatu mfululizo.

Siku ya kwanza bibi alitukuta tumeinama kwenye nyasi. "Ninyi walimu, mnatafuta nini huko?" Tukamjibu, "Tunamfuata panya, bibi." Akashangaa. "Mnamfuata wa nini, na yeye anawafuata kila usiku?" Wanafunzi walicheka mpaka vibao vikaanguka.

Mwezi ule wa nane bonde lilikuwa jeusi. Kiangazi, ambacho wengi wetu toka Kongo tunakiita kipwa na ndugu zetu Warundi wanakiita ici, kilikuwa kimekausha kila kitu, na moto ulikuwa umepita kwenye nyasi. Vibao vya bondeni tulivikuta safi kama tulivyoviacha. Vya kule juu mpakani vilikuwa na nyayo chache tu, maana mahindi ya wanakijiji yalishavunwa na mabua yamelala. Lakini vya nyuma ya nyumba! Kibao kimoja kilikanyagwa mpaka majivu yakaisha. Tukaelewa jambo la kwanza: panya hawakuwa wameongezeka ghafla usiku mmoja kwa uchawi wa mtu. Walikuwa wamehama. Huko chini chakula kimekwisha na pa kujificha bundi asimwone hapana, hapa juu kuna unga, kuna maharagi, kuna ukuta wa tofali bichi wenye nyufa. Ungekuwa wewe ungebaki wapi? Na sisi tuliofika hapa tangu 1996, na wengine tangu 2015, tunalijua vizuri jambo la kuhama kutafuta pa kulala na pa kula. Tofauti ni kwamba panya haombi kibali.

Tulitega pia ndoo. Unachukua ndoo, unaweka maji nusu, unapitisha waya katikati wenye kopo linalozunguka, kopo unalipaka ugali na mafuta kidogo. Panya akikanyaga kopo linageuka, anatumbukia. Hao tuliowakamata ndio waliotufundisha kwamba wapo wa aina mbili, na si wamoja kama tulivyodhani.

Wa kwanza ni panya wa darini. Huyu ana masikio makubwa na mkia mrefu kupita mwili wake, anapanda kamba na miti bila shida. Huyo ni mtu wa nyumbani. Mvua inyeshe isinyeshe, yeye anaishi na watu, na kama chakula kipo anazaa mwaka mzima. Wa pili ni panya shamba, mdogo zaidi, rangi ya kahawia inayoelekea kijivu, na mkia usiozidi sana mwili. Jike lake lina maziwa mengi mno, safu mbili za chuchu toka kifuani mpaka nyuma, yanaweza kufika ishirini na zaidi. Wanafunzi walihesabu wakachoka. Huyu ndiye anayeishi porini na mashambani, na ndiye anayehama. Basi nusu ya kelele za kiangazi si za wenyeji wa darini, ni za wageni.

Tulipata bahati. Kulikuwa na bwana shamba mmoja aliyesomea Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, alikuja kwa shughuli za bustani. Tulipomwonyesha vibao vyetu alicheka kwa furaha, akakaa na sisi chini ya mti mpaka jua likazama. Alituambia kwamba kule Morogoro watafiti wa chuo hicho pamoja na wenzao wa Ubelgiji wana shamba la hekta tatu lenye mitego 300, imepangwa mita kumi kumi, na tangu 1994 wanatega kila mwezi kwa usiku mitatu mfululizo. Panya anakamatwa, anawekewa alama, anaachiwa, mwezi unaofuata anatafutwa tena. Tuliposikia usiku mitatu tukatazamana. Kumbe na sisi tulikuwa tumegundua njia ya wataalamu bila kujua, ila sisi tuna majivu na wao wana mitego ya bati.

Mambo aliyotueleza tunayaandika hapa kwa kirefu kidogo, maana yanatuhusu.

Panya shamba hazai ovyo ovyo. Anasubiri mvua. Na si maji yenyewe anayoyasubiri, bali majani machanga na mbegu zinazochipua baada ya mvua. Akishakula hayo machanga, mwili wake unafunguka kwa uzazi. Mimba ni siku 23 tu. Anazaa kama kumi au kumi na mmoja kwa mara moja, na akimaliza anaweza kubeba tena upesi. Kwa hiyo kwenye hekta moja ambayo mwanzoni ilikuwa na panya kumi au ishirini, baada ya miezi michache unaweza kukuta mamia. Halafu mvua ikikatika, majani yakikauka, uzazi unasimama. Watoto waliozaliwa msimu huo kwa kawaida hawazai mwaka ule ule, wanakaa wanangoja mvua ijayo, na wengi wao hawaifikii. Njaa, nyoka, bundi, paka, moto, kila mmoja anachukua fungu lake.

Lakini kuna mwaka mbaya. Kule Morogoro wana mvua za vuli, mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, na mvua za masika baadaye. Vuli ikinyesha kwa wingi, panya wanaanza kuzaa mapema, na watoto wale wanakua wanazaa nao ndani ya mwaka mmoja. Hapo ndipo unasikia mlipuko wa panya, mashamba yanamalizwa. Hata kwenye mwaka wa kawaida inahesabiwa kwamba panya wanakula mahindi ya Tanzania kiasi cha 5 hadi 15 kwa kila mia. Fikirieni magunia hayo yote.

Tukamuuliza juu ya nafasi. Je, panya shamba ana kiwanja chake kama sisi tulivyopewa viwanja vya nyumba? Akasema ana sehemu anayoizoea, na ni ndogo, kwa wengi wao haifiki hata robo ya uwanja wa mpira. Ila hana ugomvi wa mpaka. Sehemu ya huyu inaingia ndani ya sehemu ya yule, na wakizidi kuwa wengi wanaingiliana zaidi. Jike mwenye watoto hatoki mbali na shimo lake, anakula karibu na kurudi kunyonyesha. Dume ndiye mzururaji, hasa wakati wa uzazi. Na vijana waliokua wanaondoka kutafuta pao. Baba mmoja aliyekuwa anasikiliza pembeni akasema, "Kama vijana wetu tu," watu wakacheka.

Hapo wazee waliokuwepo wakakumbuka ya kwao, na tunaona si vibaya kuyaandika, maana watoto waliozaliwa hapa kambini hawajayaona. Mzee mmoja wa milima ya Kivu alieleza habari za fuko, ambaye Warundi wanamwita ifuku. Huyo ni kinyume kabisa cha panya shamba. Kila fuko ana shimo lake peke yake, na mwenzake akiingia ni vita. Anaishi chini ya udongo, anakula mizizi, anapitia viazi vyako kwa chini wewe unaona majani yananyauka tu. Mvua ikilainisha udongo anachimba kwa nguvu, unaona vichuguu vipya kila asubuhi. Ardhi ikikauka ikawa ngumu anapunguza, anakula akiba yake. Watoto wakikua mama anawaacha, nao wanakwenda kuchimba mashimo yao. Mzee alionyesha kwa mikono jinsi walivyokuwa wanamtega kwa fimbo iliyopindwa na kamba. Alipomaliza alinyamaza kitambo. Nadhani wote tulikuwa tumefika milimani.

Mama mmoja naye akataja simbiliki, yule mkubwa wa kwenye matete ambaye Watanzania wanamwita ndezi. Huyo ni nyama tamu, tusifichane. Njia zake zinapita ndani ya majani marefu kama vichochoro, na majani yakiungua anakimbilia sehemu chache zilizobaki mbichi kando ya maji, ndiyo maana wawindaji wanamngoja huko. Anazaa watoto wachache tu, lakini wanazaliwa na manyoya na macho wazi. Panya shamba watoto wake wanazaliwa uchi na vipofu, kwa hiyo lazima wafichwe shimoni.

Na bwana shamba hakutaka kuondoka kabla ya kumsifu panya buku, yule mkubwa anayebeba chakula mashavuni kama mtu aliyejaza mifuko. Pale pale Morogoro wanawafundisha kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Mmoja aliyeitwa Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipelekwa Kambodia mwaka 2016, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, akapewa nishani ya dhahabu mwaka 2020. Alikufa mwaka 2022, mzee wa miaka minane. Wanafunzi walipiga makofi. Wengi wao wanajua bomu la ardhini ni nini kwa sababu ambazo hatuhitaji kuzieleza.

Sasa turudi bondeni.

Mwezi wa kumi na moja mvua ikaanza. Kila mtu akakimbilia bustani yake na mbegu chache alizotunza. Bibi alipanda mahindi mistari minne nyuma ya nyumba. Usiku wa pili tu panya walipita mstari kwa mstari, wakafukua shimo kwa shimo, kama mtu aliyepewa ramani. Asubuhi vishimo vitupu, na vipande vya maganda. Alipanda tena na mbegu alizoazima kwa jirani, zikaliwa tena. Tulishangaa, maana vibao vilionyesha panya wamepungua kuliko mwezi wa nane. Bwana shamba alikuwa ameshatueleza: mwanzo wa mvua panya ni wachache, lakini wana njaa kuliko wakati wowote. Kiangazi kimewamalizia akiba yote, nyasi bado hazijatoa mbegu, na wewe unakuja unawafukia chakula kizuri, laini, kimelowa, kila hatua moja. Hatari kubwa ni tangu siku ya kupanda mpaka kama wiki mbili, mche ukishasimama na punje ya chini kwisha anauacha.

Mwezi wa pili vibao vya nyumbani vilikuwa na nyayo za wale wa darini tu. Wageni walikuwa wamerudi bondeni. Bonde lilikuwa zuri, jamani. Mabingobingo yamezidi kimo cha mtu, vipepeo, maji yanasikika chini. Vibao vya kule vilianza kupata nyayo, na baadhi zilikuwa ndogo ndogo. Tulikuta shimo moja mlangoni pana majani makavu yaliyokatwa laini kama pamba. Hatukulifukua. Mwanafunzi mmoja alitaka, tukamkataza. Labda tulikosea, bibi alituambia tumekosea.

Mwezi wa nne na wa tano zilikuwa siku za neema kwa panya. Kila kibao cha bondeni na cha mpakani kilijaa. Nyasi zimetoa mbegu, mahindi ya wanakijiji yamekomaa, na wazazi pamoja na watoto wa awamu mbili tatu wako nje kwa wakati mmoja. Nyumbani kimya. Ndiyo maana watu wanajisahau! Wakati panya ni wengi kupita wakati wote, hatuwaoni, tunadhani wamekwisha. Halafu mwezi wa sita mavuno yanatoka, nyasi zinakauka, wa saba moto unapita, na lile jeshi lote linapanda juu kwetu.

Kuanzia hapo tuliamua kufanya tofauti. Hatukungoja mwezi wa nane. Mwezi wa sita mwanzoni wazee wa klasta yetu walikubali watu wote tufyeke ukanda wa nyasi nyuma ya nyumba, kama hatua ishirini upana, pawe peupe. Panya anaogopa peupe, anajua bundi yupo. Tukaziba nyufa za kuta kwa udongo. Mifuko ya posho tukaipandisha juu ya vichanja, mbali kidogo na ukuta, na mwenye debe akatumia debe. Ndoo za mitego zikazungushwa nyumba hadi nyumba, kila nyumba usiku miwili. Nyumba moja ikitega peke yake haisaidii, maana nafasi ya panya uliyemuua inachukuliwa na mwenzake wa jirani kabla ya wiki kwisha. Wengine hawakushiriki, tuseme ukweli, na kwao kelele ziliendelea.

Sumu tuliiacha. Si kwa sababu ya yule mtoto peke yake. Bwana shamba alitukumbusha habari ya tauni, ambayo kule Lushoto mkoa wa Tanga ilianza mwaka 1980 na ikasumbua watu kwa miaka mingi, na kwetu Kongo wa Ituri wanaifahamu sana. Ugonjwa ule unabebwa na viroboto vya panya. Panya wakifa wengi kwa pamoja, viroboto vinatafuta mwili mwingine wenye joto, na huo ni wa kwako. Kwa hiyo mkikuta panya wengi wamekufa wenyewe bila mtego, msiwaguse kwa mikono, watoto wasiwachezee, na toeni habari zahanati siku hiyo hiyo.

Mwezi wa nane mwaka huu hatusemi panya hawakuja. Walikuja. Lakini posho ya bibi ilifika siku ya mgao uliofuata bila kutobolewa, na hiyo kwake ilikuwa mara ya kwanza tangu afike hapa.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kukubaliana siku ya kupanda. Kila mtu ana haraka yake. Mmoja akitangulia, panya wote wa bonde wanakula kwake. Mmoja akichelewa, wote wanamalizia kwake. Tukipanda wote wiki moja, wanapata tumbo moja tu la kujaza na bustani nyingi, kila mtu anapoteza kidogo. Kulikuwa na maneno mengi kwenye kikao, mzee mmoja akasema hajawahi kupangiwa siku ya kupanda na watoto wa shule. Mwishowe bibi ndiye aliyesimama. Akasema, "Mimi mwaka jana nilitangulia, nikapanda mara mbili, nikavuna majani. Safari hii nawangoja ninyi."

Tulipanda siku ya Jumamosi, baada ya mvua ya tatu. Usiku ule wanafunzi waliweka vibao vyote ishirini kwenye bustani, na alfajiri tulikwenda navyo kusoma na taa ya mkono. Nyuma ya bibi kulikuwa na vibao vitano. Vitatu vilikuwa safi. Kimoja kilikuwa na nyayo za panya mmoja, amepita upande upande. Cha tano kilivurugwa kabisa, majivu yametapakaa kila mahali, bibi akashika kichwa. Mwanafunzi akainama na taa, akatazama, akasema, "Bibi, hizi ni nyayo za kuku wako."